Pointi za Mwaka wa Sita

Siku Mbombo alipoleta nyumbani buletini, ripoti ya shule, ya mwaka wa tano wa sekondari, baba yake aliisomea mlangoni, kofia ya kazi bado kichwani, vumbi la kiwanda bado mabegani. Asilimia hamsini na moja. Aliisoma tena, kana kwamba tarakimu zingeona haya zikapanda. Kisha akaikunja, akamrudishia bila neno, akaenda kunawa.

Mbombo alibaki amesimama barazani. Afadhali angefokewa. Mzee Kazadi hakuwa mtu wa kufoka, na watoto wake waliuogopa ukimya wake kama watoto wengine wanavyouogopa mkanda.

Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha shaba cha Shituru, mjini Likasi, Katanga. Aliishi na mkewe Bibiane na binti zao wawili katika nyumba ya Kampuni, nyumba ya matofali yenye bomba uani ambalo siku hizo lilikuwa limeanza kukohoa hewa badala ya kutoa maji. Aliyetoka Kasai ni baba yake, enzi za Wabelgiji, kuja kufanya kazi ya reli. Kazadi mwenyewe alizaliwa Likasi, akabatizwa Likasi, akaoa Likasi. Kasai aliijua kwa lugha ya mama yake na kwa nyimbo za matanga, basi.

Zile hamsini na moja zilikuwa na sababu, na kila mtu nyumbani aliijua. Katikati ya mwaka Mama Bibiane alijifungua mtoto wa kiume aliyekwisha kufa, na yeye mwenyewe akaponea chupuchupu. Kwa miezi mingi Mbombo ndiye aliyeshika nyumba. Alipika, alifua, alimgeuza mama yake kitandani, akaenda shuleni siku mbili na kukosa siku tatu. Ilikuwa pale kando ya kitanda ndipo alipotamka neno ambalo baba yake alilishika kama ahadi: "Minye nitakuwa munganga." Daktari. Na sasa daktari huyo alikuwa na hamsini na moja.

Shule ilipofunguliwa alimfuata Monsieur Casimir, mwalimu wa biolojia, mtu mrefu mwenye asili ya Kambove, mji wa jirani, ambaye alikuwa na tabia ya kusafisha miwani kabla ya kujibu swali lolote, hata la saa ngapi.

"Monsieur, na hii hamsini na moja, iniversite itanikatala?"

Casimir akasafisha miwani.

"Sikia, Mbombo. Kule banaombaka buletini ya mwaka wa tano na ya mwaka wa sita, pamoja na pointi za mtihani wa Serikali. Ya tano bataiona, haiwezi kufichama. Lakini muntu anaangukaka, kisha anasimama. Banaangaliaka kama alisimama. Mwaka wa sita njo utasema juu yako."

Mbombo aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani kama mtu anayebeba moto wa kuazima, kwa haraka na kwa uangalifu. Jioni hiyo, juu ya sahani ya bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, baba yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa amri yake.

"Mwaka huu Mbombo hatashika ndoo, hatashika mwiko. Kazi yake ni kitabu."

"Na kazi ya nyumba?" akauliza Mama Bibiane. Alikuwa amepona, lakini nguvu zake hazikurudi zote. Sokoni Kikula alikouza dagaa wakavu alikuwa akienda akipumzika njiani kama bibi kizee.

"Providence iko."

Providence, mdogo wake Mbombo, alikuwa na miaka kumi na mitatu na mdomo usiojua kufungwa. Alikuwa akiiga wateja wa mama yake mpaka watu wa meza za jirani walie kwa kucheka: yule anayenusa dagaa kama anayenusa soksi, yule anayeomba nyongeza kabla hajanunua. Aliposikia jina lake alisimama, akapiga saluti kama askari.

"Niko tayari, chef. Lakini yaya Mbombo akikuwa munganga, minye sitapanga foleni ku hospitali."

Hata Mzee Kazadi akacheka.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Providence aliamka mapema, akachota maji kwenye kisima cha watu wa mtaa wa juu, akafagia, akapika uji, ndipo akaenda shuleni. Lakini huo ndio mwaka askari walipovunja maduka na raia wakafuata nyuma yao, na baada ya siku chache mji ukabaki kama mfupa uliolambwa. Kiwanda kilikuwa kikifanya kazi siku moja na kulala siku nyingi. Mshahara ukawa habari ya kusikia. Walimu nao hawakulipwa na mtu yeyote isipokuwa wazazi, na mtoto ambaye mzazi wake hakutoa chochote alirudishwa kutoka getini.

Baada ya Noeli Mzee Kazadi alimwita mkewe chumbani. Mbombo, akiwa na kitabu sebuleni, aliwasikia kupitia pazia.

"Hatuwezi kulipia babili," alisema baba.

"Basi babakie wote wawili nyumbani."

"Mama Mbombo, huyu iko mu mwaka wa sita. Tukiukata sasa, tumekata kila kitu. Providence bado mudogo. Ni mwaka moya tu. Yaya yake akiingia, yeye atarudia masomo."

"Providence naye nilimuzaa," alisema Mama Bibiane. "Tumbo lilikuwa hili hili."

 Mbombo alijua kwamba pale ndipo alipopaswa kuinuka, avute pazia, aseme: hapana, baba, mwacheni aende. Alikuwa na sentensi tayari mdomoni. Lakini mbele yake kitabu kilikuwa wazi kwenye picha ya moyo, na vyumba vyake vinne, na mishipa iliyopakwa nyekundu na buluu, naye aliutaka moyo ule kwa tamaa ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa nguo wala chakula. Akafungua ukurasa uliofuata.

Providence alipoambiwa hakulia. Aliuliza tu kama angeruhusiwa kubaki na kalamu yake. Kisha, jioni hiyo, alikuja kukaa kwenye mkeka miguuni pa dada yake, mikono ikinuka dagaa.

"Yaya, leo mulisoma nini?"

"Haitakusaidia, iko ngumu."

"Unipe na minye kidogo. Minye njo nachota maji unayokunywa."

Ikawa desturi yao. Kila jioni, kabla taa ya mafuta haijazimwa ili kuokoa mafuta, Mbombo alimrudishia mdogo wake somo la siku, na kumbe kwa kumfundisha alikuwa akijifundisha mwenyewe, maana Providence hakukubali neno bila kulipindua. Kwa nini damu inarudi? Nani anaiambia irudi? Mutu akihara, maji inatokea wapi? Mbombo alimweleza: maji hutoka ndani ya damu yenyewe, ndani ya nyama, mpaka mtu anyauke kama jani, ndiyo maana hupewa maji yaliyochemshwa, na chumvi, na sukari, kidogo kidogo, bila kuacha. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani wa muhula wa pili, naye akapata pointi zote.

Mwisho wa mwaka buletini ya mwaka wa sita ilisema sabini na tatu.

Safari hii Mzee Kazadi alivua kofia kabla ya kuisoma. Providence aliinyakua mikononi mwake, akaipeleka mwangani.

"Yaya, hapa yangu iko ngapi?"

"Yako ni yote iliyopita hamsini na moja," alisema Mbombo, na hakuwa anatania.

Wiki chache baadaye yakatoka matokeo ya mtihani wa Serikali. Mbombo alikuwa amefaulu vizuri. Majirani walimmwagia pauda nyeupe kichwani mpaka akafanana na mzimu, wakampitisha barabarani kwa nyimbo. Walikuwamo Wakasai, walikuwamo Walamba na Wasanga, wenyeji wa Katanga, na Mama Suzanne wa nyumba ya pili, Mkatanga wa asili, ndiye aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Providence alijipaka pauda mwenyewe bila kungoja kupakwa. "Mumoya akifaulu, wamefaulu babili," aliwaambia watu.

Monsieur Casimir alikuja nyumbani kutoa pongezi. Alisema chuo kikuu cha Lubumbashi kingewafungulia wanafunzi wapya baada ya miezi michache, na kwamba Mbombo angezichukua karatasi zake, nakala za buletini na cheti zenye muhuri, shuleni mwezi wa tisa. "Kwa pointi hizi," alisema akisafisha miwani, "sioni mulango gani utafungwa."

Mlango uliofungwa haukuwa wa chuo.

Maneno yalikuwa yameanza zamani, kwenye redio na kwenye mikutano: kwamba Katanga ni ya Wakatanga, kwamba watu wa Kasai wamekula kazi za wenye nchi. Watu waliyasikia kama wanavyosikia ngurumo za mvua iliyo mbali. Mwezi wa nane mvua ikafika. Vijana walipita Kikula wakiwa na fimbo na mapanga, wakivunja milango ya nyumba walizoonyeshwa. Waliwaita Wakasai bilulu, wadudu. Meza ya Mama Bibiane ilipinduliwa, dagaa wakakanyagwa kwenye vumbi, na mwanamke aliyekuwa akinunua kwake kila wiki alisimama akatazama pembeni.

Mzee Kazadi alisema nyumba ya Kampuni haitaguswa. Asubuhi moja aliamka akakuta mlango umepakwa alama ya chokaa. Mama Suzanne alikuja kupitia nyuma, khanga kichwani, akilia.

"Mutoke leo. Leo, si kesho. Bataniua na minye kama banajua nilisema."

Walitoka na masufuria, magodoro mawili, na sinia la dagaa la Mama Bibiane. Mbombo alitazama nyuma mara moja. Watu walikuwa tayari wanaingia.

Walikwenda kwenye gare, kituo cha treni, kwa sababu kila mtu alikuwa akienda huko. Mtu angedhani nusu ya Likasi imehamia juu ya reli. Waliojaa kwenye jukwaa la abiria walikuwa wenye bahati. Wengine walilala kati ya njia za reli, chini ya mabehewa mabovu, chini ya vitenge na mashuka yaliyofungwa kwenye nguzo. Walikuwamo wahandisi, walimu, mapadri, wachuuzi, wajane. Wote walingoja treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo wengi wao, kama Kazadi, hawakuwahi kuikanyaga. Treni zilikuja mara chache, zikabeba wachache, na waliobaki wakaongezeka.

Familia ya Kazadi ilipata nafasi kando ya ukuta wa ghala. Providence aliligeuza jambo hilo kuwa mchezo kwa siku za mwanzo. Alimwiga mkuu wa kituo, alimwiga mzee aliyepeperusha tiketi ya miaka iliyopita. Watoto wa majirani walikuwa wakimzunguka. Maji aliendelea kuchota yeye, sasa kutoka kwenye mfereji mmoja uliokuwa unagombaniwa na kila mtu. Mbombo alisema: "Leta ndoo, leo naenda minye." Providence akakataa: "Mazoea ni mazoea."

Kisha mvua za kwanza zikanyesha, mvua kubwa, na uchafu wote wa gare ukaelea. Watu wakaanza kuhara. Wazee walitangulia, na watoto wachanga. Asubuhi moja Providence hakuamka kwenda mferejini. Alikuwa amelala ubavuni, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama.

Mbombo alijua. Hakukuwa na jambo hata moja katika mwili ule ambalo hakulijua: maji yalikuwa yanatoka wapi, yarudishwe kwa kitu gani. Jibu lote lilikuwa kichwani mwake, mstari kwa mstari, kama alivyoliandika kwenye mtihani. Chumvi waliipata kwa jirani. Sukari haikuwako. Makaa ya kuchemshia maji hayakuwako. Baba yake alizunguka gare nzima akiomba, na watu walimwonyesha mikono mitupu; kila kikundi kilikuwa na mgonjwa wake.

Ndipo alipotokea Monsieur Casimir, akipita kati ya watu kwa hatua za kuomba radhi, bahasha mkononi. Kwa Mkatanga wa Kambove kuonekana pale akiwasalimu Wakasai haikuwa kazi ndogo. Wapo waliopigwa kwa kosa hilo. Alikuwa ameziomba karatasi za Mbombo shuleni kwa jina lake mwenyewe.

"Buletini zote mbili, na cheti," alisema. "Na muhuri."

Mbombo hakunyoosha mkono.

"Monsieur, sukari," alisema. "Sukari na maji ya kuchemsha."

Casimir alimtazama Providence. Hakusafisha miwani. Aliiweka bahasha juu ya godoro, akaondoka karibu mbio, na kabla ya jua kuzama alirudi na mkewe Mélanie, wamebeba bidoni la maji yaliyochemshwa na sukari kwenye karatasi. Mélanie alipiga magoti kwenye tope bila kujali kitenge chake, akakishika kichwa cha mtoto, na Mbombo akamnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo, bila kuacha, kama kitabu kilivyosema.

Na ilisaidia. Hilo ndilo lililomsumbua Mbombo baadaye kuliko yote: kwamba ilisaidia. Kesho yake Providence alifungua macho, akauliza kama treni imekuja. Akaomba uji. Mama Bibiane alikwenda nyuma ya ghala, akarudi uso umelowa, akisema amenawa.

Siku hiyo Casimir alitoa neno alilokuja nalo. Alimgeukia Mzee Kazadi kwa heshima, kama mtu anayeomba mke.

"Muzee, mutuachie Mbombo. Atakaa kwetu Kambove kama mutoto wa ndugu ya muke wangu. Kule hakuna anayemujua. Iniversite ikifungua, nitamupeleka Lubumbashi minye mwenyewe. Iko na pointi. Ni zambi kuzitupa ku njia ya treni."

Mzee Kazadi aliitazama bahasha juu ya godoro.

"Abakie," alisema hatimaye. "Siye tumekwisha poteza nyumba na kazi. Tusipoteze na hii."

 Mama Bibiane alikuwa akimchana Providence nywele kwa kitana.

Aliyezungumza ni Providence mwenyewe, kwa sauti nyembamba kama uzi. "Yaya, ubakie. Minye nitaenda na mama, nitaanza masomo kule. Weye utaanza huku. Tutaona nani atamaliza wa kwanza." Akajaribu kucheka. "Lakini usinisahau ku foleni."

Mbombo akakubali. Aliitia bahasha ndani ya nguo zake, akapanga na Mélanie siku ya kumfuata. Moyoni aliona aibu kwa sababu, katikati ya tope lile na uvundo ule, kitu ndani yake kilikuwa kinafurahi.

Ugonjwa ulirudi siku mbili baadaye, nao haukurudi polepole. Asubuhi sukari ilikuwa imebaki kidogo, mchana ikawa imekwisha, na hata hivyo mtoto hakuweza tena kumeza. Mbombo aliendelea kumdondoshea maji mdomoni. Yalitoka pembeni, yakatiririka shingoni.

"Providence. Meza. Meza, mama."

"Mwache," alisema Mama Bibiane. "Mutoto wangu amechoka. Mwache apumzike."

Alikufa mchana, jua likiwa kali, watu wakiendelea kugombania mfereji. Walikuja watu wa msaada waliovaa glovu, wakamfunga kwenye turubai, wakamweka pamoja na wengine wa siku hiyo. Baba yake aliruhusiwa kupanda lori hadi makaburini. Wanawake walibaki. Mama Bibiane hakuomboleza kama wanavyoomboleza Wakasai, kwa nyimbo na kwa kujigaragaza. Alikaa ameshika kitana.

Treni ilikuja hata kabla ya matanga kwisha, kama yalikuwako matanga. Filimbi ikalia, na gare nzima ikasimama kwa mpigo mmoja. Watu walirusha watoto madirishani, walirusha masufuria, walikanyagana. Casimir na Mélanie walikuwa wamekuja kumchukua Mbombo. Walisimama kando ya ukuta, wakimngoja amalize kuwasindikiza wazazi wake.

Baba yake alipanda kwanza kwenye behewa la wazi la mizigo, akanyoosha mikono kupokea vitu. Mama Bibiane alishika sinia lake, akalinyanyua hadi kifuani, likamshinda. Alijaribu tena. Sinia likashuka. Alikuwa mwanamke aliyebeba sinia lile, limejaa, kutoka Kikula hadi Shituru kwa miaka, na sasa likiwa tupu hakuliweza. Alisimama tu akilitazama, kana kwamba anangoja yule aliyezoea kumtwisha, naye mtu huyo hakuwapo.

Mbombo alilichukua sinia, akalirusha ndani. Akamshika mama yake kiunoni, akampandisha. Kisha akaweka mguu wake kwenye chuma na kupanda.

"Mbombo!" Casimir alipasua watu mpaka kando ya behewa. "Weye unafanya nini? Iniversite?"

"Monsieur, siwezi."

"Utajuta."

"Nitajuta," alisema Mbombo. "Munisamehe."

Mwalimu alitembea pamoja na treni ilipoanza kusogea, mkono ukiwa juu ya ubao wa behewa. Alikuwa analia waziwazi mbele ya watu, yeye ambaye shuleni aliogopwa. "Basi zishike vizuri," alisema. "Pointi haiozaka. Unasikia? Haiozaka." Kisha jukwaa la kituo likaisha, naye akabaki.

Safari ilichukua siku nyingi, juani na mvuani, treni ikisimama porini bila sababu. Kila iliposimama watu walishuka kuzika.

Kasai haikuwapokea kwa ngoma. Ndugu waliowakuta pembezoni mwa Mbuji-Mayi walikuwa watu maskini, nao waliwatazama kwa mashaka. Waliwacheka kwa Kiluba chao kilichochanganyika na Kiswahili. Kule Likasi walikuwa bilulu wa Kasai; huku wakaitwa watu wa Katanga. Mzee Kazadi, fundi wa mitambo, alijifunza kufyatua matofali ya udongo. Mama Bibiane alikaanga mikate kando ya njia. Mbombo alifundisha watoto wa wakimbizi chini ya paa la nyasi, akilipwa mihogo, na bahasha aliitundika darini ndani ya mfuko wa plastiki ili mchwa wasiifikie.

Hakuna aliyetaja pointi katika nyumba ile. Baba hakutaja kwa sababu alikuwa ndiye aliyetoa amri. Mbombo hakutaja kwa sababu ya ukurasa ule alioufungua badala ya pazia. Mama Bibiane hakutaja, na hakuna aliyejua sababu yake, maana alikuwa amepunguza kusema kabisa. Alijibu alipoulizwa. Hakuanzisha neno.

Hatimaye, parokia ilipojitolea kuwalipia masomo wachache miongoni mwa watoto wa waliofukuzwa, Mbombo aliishusha bahasha. Alikwenda kwenye ofisi ya chuo cha mjini akiwa na viatu vya kuazima. Mwandikishaji, mzee mpole mwenye kikohozi, alizitandaza karatasi mezani, moja kando ya nyingine. Alizungumza Kifaransa.

"Mwaka wa tano, hamsini na moja," alisema. "Mwaka wa sita, sabini na tatu. Si kawaida. Kwa watu wa udaktari tunaangalia sana mwaka wa mwisho, lakini lazima niulize. Ilikuwaje?"

Mbombo alikuwa ametayarisha majibu ya maswali mengi. Hilo hakulitayarisha.

"Mdogo wangu alikuwa anachota maji," alisema.

Mzee alingoja aendelee. Alipoona haendelei, alikohoa, akaandika kitu, akapiga muhuri. "Mnaanza Jumatatu," alisema. "Hongera, binti."

Alirudi kwa miguu. Baba yake alikuwa shimoni, tope hadi magotini. Alipomwambia, Mzee Kazadi aliacha kukanyaga udongo. Alitazama mikono yake, akaipangusa kwenye suruali pande zote mbili, kisha akaona haitoshi kumshika mtu, akaishusha tu. "Enda umuambie mama yako," alisema.

Mama Bibiane alikuwa kwenye jiko lake la kukaangia, akigeuza mikate. Mbombo alichuchumaa kando yake, akasema kwa kifupi. Mama yake hakuinua uso. Mkate ukageuka, mwingine ukageuka. Moshi ukawapita.

"Kule," alisema Mama Bibiane, na Mbombo akashtuka, maana lilikuwa neno ambalo hakuna aliyemwomba, "batabafundisha ule ugonjwa wa gare?"

"Batatufundisha, mama."

"Mwaka huu wa kwanza?"

"Hapana. Mbele sana. Kwanza banafundishaka mifupa na dawa za maabara. Ugonjwa ni mbele."

Mama yake alitoa mkate mmoja kwenye mafuta, akaupuliza upande mmoja, akaupuliza upande wa pili, akamwekea binti yake kiganjani.

"Basi kula," alisema. "Jumatatu haiko mbali."